Zaina, Si Wewe Uliyeitoa Ile Barua

Zaina, shoga yangu,

Si wewe uliyeitoa ile barua. Nilipaswa kukuambia neno hili ukiwa hai, umekaa mbele yangu. Wengine wote nimeshawaambia. Umebaki wewe.

Nakuandikia hapa hapa ofisini, Same, saa nane mchana. Mji umesinzia. Upepo unazungusha vumbi stendi halafu unasahau ulikuwa unataka kufanya nini, unalala nao. Huko juu Vudee ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Huku chini tunakauka. Nakuota sana, Zai. Katika ndoto umenipa mgongo, unachapa, na herufi zinatoka kwenye kompyuta zinaelea hadi dirishani, zinapanda mlimani zenyewe. Nakuita. Hugeuki.

Nakumbuka ulivyokuja. Shamba la mkonge lilikuwa limeuzwa kwa mtu binafsi, na baba yako, aliyeletwa kutoka Kigoma kama manamba, kibarua wa mkataba, akiwa kijana, akapunguzwa kazi pamoja na nusu ya kambi. Ulikuja na cheti cha kupiga chapa kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Umoja wetu wa akina mama wakulima ulikuwa umepata kompyuta mbili za mitumba na ile kubwa ya kijivu tuliyoiweka chini ya meza, tukaiita seva. Mimi niliijua ofisi. Wewe ndiye uliyeifahamu mashine. Ulikuwa unaigusa taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa.

Ile kazi yetu ilikuwa nzuri. Watoto wa milimani walioko Dar na Arusha waliingia kwenye tovuti yetu, wakaacha barua. Wewe ulizichapa, ukazifunga kwenye bahasha, ukampa kondakta wa basi la Vudee. Kila familia ilikuwa na sanduku lake ndani ya seva, na kila sanduku neno lake la siri. Neno linalofungua yote ulikuwa nalo wewe peke yako. Hata mimi hukunitajia, na nilipokuchokoza ulicheka ukasema, "Nikikuambia litakuwa si siri, litakuwa habari."

Wakati wa kula makande mchana ulikuwa unasoma kimya, umejiegemeza ukutani, midomo inatembea. Nilidhani ni sala. Kumbe ulikuwa unakariri majina ya wazee wanaosubiri barua.

Halafu ikaja barua ya Namsifu. Alimwandikia mama yake kule Vudee kwamba amemkimbia mumewe kwa sababu ya kipigo, na kwamba amejificha kwa shangazi yake Ngujini pamoja na mtoto. Ilifika kwenye seva asubuhi. Ulipoichapa uliifunga kwa gundi mara mbili, naona vidole vyako mpaka leo. Siku ya tatu mumewe alikuwa Ngujini. Alimkuta Namsifu kisimani. Alimchukua mtoto, na ile barua alikuwa nayo mfukoni, imechapwa neno kwa neno.

Mwenyekiti wa umoja wetu alituita sisi wawili. Aliniuliza mimi kwanza: "Ni nani mwingine anayeweza kufungua sanduku la mtu?" Nikajibu, "Ni Zaina peke yake." Nilikuwa nasema ninachokijua, shoga. Lakini niliona uso wako ulivyobadilika. Ulisema, "Si mimi, Mama Mwenyekiti. Labda kuna mtu anapita bila kugonga hodi." Akakuuliza, anapitaje mlango uliofungwa? Ukanitazama mimi. Nikatazama kalenda ukutani.

Uliondoka siku ile ile. Sokoni walikuita muuza siri. Miezi saba baadaye malaria ikakupanda kichwani, na nilipofika kambini walikuwa wameshakutoa kwenda makaburini. Niliketi na wanawake nje, kwenye jamvi la mwisho. Nilishindwa kuingia kumpa mama yako mkono wa pole. Nilirudi na basi la kwanza, nikawaambia watu nimezika.

Sasa nisikilize. Wiki nne zilizopita uliletwa ujumbe kwa wote wanaotumia seva kama yetu. Yule binti aliyechukua nafasi yako, Rehema, aliusoma kwa sauti huku anakula embe. Ujumbe ulisema programu ya seva hizo ina kasoro. Kwenye anwani ya tovuti, kati ya jina na jina huwekwa mkwaju mmoja, ule mstari ulioinama. Ukiweka mikwaju miwili pale penye mmoja, seva inachanganyikiwa: haikuulizi neno la siri, lakini sanduku inakufungulia. Basi. Mstari mmoja tu wa ziada, Zai.

Nilimwomba Rehema asogee. Niliandika anwani ya sanduku la Mama Namsifu, nikaongeza mkwaju. Lilifunguka. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Nilikaa pale nikaona chumba kinakuwa kirefu, sauti za stendi zinakwenda mbali, na maneno yako yanarudi pole pole: mtu anapita bila kugonga hodi.

Ile mashine huandika kila anayeingia, siku, saa, kompyuta na njia aliyotumia. Hakuna aliyekuwa amewahi kusoma hayo maandishi. Tulisoma siku mbili, mimi na Rehema. Tukaikuta siku ile. Mchana wa siku ile ile barua ilipoingia, kabla hujaichapa, mtu alifungua sanduku lile kwa mikwaju miwili, akitumia kompyuta ya ofisi anakofanya kazi mume wa Namsifu. Saa ile wewe ulikuwa posta, na daftari letu la kutoka na kuingia lina sahihi yako.

Kikao cha wazee wa familia zote mbili kilimwita huyo mume. Hakubisha. Alisema alifundishwa na mwenzake, akajaribu tu, ikakubali. Mtoto amerudishwa kwa mama yake. Namsifu sasa anaishi Vudee, analima tangawizi, na yule mtoto ana miguu mirefu kama ya mbuzi, hashikiki. Tulipomweleza Namsifu habari zako alikaa chini palepale shambani. Akasema, "Na mimi nilimlaani."

Mwenyekiti ameandika barua ya kukuomba radhi, yenye muhuri. Niliipeleka mwenyewe kambini. Nyumba nyingi sasa hazina milango, mkonge umeota mpaka vibarazani. Nilimwambia mama yako, "Shikamoo, mama. Nimekuja kusema kwamba Zaina hakufanya." Akaitikia marahaba, akaendelea kuchambua mchele. Nilimsomea barua yote. Nilipomaliza alisema, "Mimi mbona nilijua? Wewe ndiye uliyekuwa unakaa naye. Ulihitaji mashine ikuambie?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Akanisogezea ungo. Tulichambua wote mpaka ukaisha. Nilipoaga alinishika mkono, akaniambia kule maneno mabaya yalikosemewa ndiko niende kuyafuta. Kwa hiyo Jumapili nilisimama kanisani Vudee wakati wa matangazo. Alhamisi, siku ya mnada, nilisimama sokoni, nikatangaza vilevile kwamba si wewe. Wengine walisikiliza, wengine waliendelea kupanga nyanya. Yule mama wa vitenge aliyekuwa anakukejeli kuliko wote alifunika uso kwa khanga.

Kasoro tumeiziba, walituletea programu mpya. Ile iliyo ndani yangu ndiyo sijui inazibwa na nini. Nilikuwa nakufahamu, Zaina. Nilijua unavyokariri majina ya wazee. Hiyo ilitosha, na mimi nikaiona haitoshi.

Nakuahidi haya. Kila mwisho wa mwezi nitakwenda kambini kwa mama yako, na Idi nitaifanyia huko. Na siku mtu akiniambia "si mimi", nitamtazama usoni mpaka amalize kusema.

Pumzika sasa, shoga yangu. Kwaheri. Jina lako ni safi, na mimi ndiye ninayelitangaza.

Wako,
Nakijwa