Sumaku Ilikubali, Nyundo Ikakataa

Alhamisi, alasiri. Mawingu yamejazana juu ya kilima cha Kiriri, kilipo chuo chetu, tangu asubuhi, joto limekaba, na mvua hainyeshi.

Niandike hapa kitu ambacho sikukiandika kwenye daftari la kazi.

Kesho saa nne asubuhi wageni wanakuja chuoni kuona chuma changu kisichopikwa kwa makaa. Kwa miaka miwili nimekuwa nikipitisha haidrojeni juu ya vidonge vya udongo mwekundu wenye madini ya chuma, ndani ya tanuri la umeme. Makaa huondoa oksijeni kwenye madini na kutuachia hewa chafu. Haidrojeni huiondoa pia, lakini kinachotoka ni mvuke wa maji. Profesa wangu akaongeza kwenye ombi letu la msaada kwa wageni hao ukurasa mzima wa sayari ya Mirihi: kule nako udongo ni mwekundu, na makaa hakuna. Nilimcheka. Halafu nikaanza kuiota Mars hiyo, na kuwasimulia hata ndugu zangu.

Tanuri ni la hao wageni, wametuazima tu. Wasiporidhika, wanalichukua.

Jumamosi umeme ulikatika kabla kazi haijaisha. Tanuri lilipopoa nikalifungua, vidonge vimekuwa vyeusi. Nikasogeza sumaku, vikairukia! Nilipiga kelele peke yangu, nikampigia Profesa kumwambia tumepata chuma. Kukatika kwa umeme sikukuandika.

Nilifanya makusudi.

Leo nilikwenda mtaa wa Buyenzi kwa baba mdogo Hamadi, mhunzi anayefua majembe tangu sijazaliwa. Nilitaka anipondee kidonge kimoja kiwe bapa, wageni wapate cha kushika. Alikiweka juu ya fuawe, akagonga mara moja tu. Kikawa unga mweusi.

"Hii haiko chuma, mwanangu," akasema. "Chuma ukiigonga inalala. Hii imevunjika sawa biskuti. Sasa kule Mars yenu, batajenga nyumba na unga?"

Mafundi wa jirani waliangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze, maana nilijua. Udongo ule ukipoteza oksijeni kidogo tu, unageuka mweusi na sumaku inaushika, lakini bado si chuma. Jambo hilo nawafundisha wanafunzi kila mwaka. Jumamosi sikutaka kulikumbuka.

Nilimpigia Profesa palepale, moshi wa makaa ya baba mdogo ukiniingia machoni. Nikamweleza yote, hadi habari ya daftari.

"Wageni bakifika, utasema we mwenyewe," akanijibu. "Mi sitasema kitu."

Akakata simu.

Sasa niko nyumbani Ngagara na chai imepoa mbele yangu. Kurudia kazi hakuwezekani, tanuri linahitaji siku nzima. Mara tatu nimejiambia kwamba wageni hawatakuja na nyundo, watakuja na sumaku, kama watakuja na chochote. Naona aibu hata kuliandika wazo hilo.

Nilipoaga, baba mdogo alinitia mkononi nyundo yake ndogo. Kesho nitaweka kidonge mezani na kukigonga mwenyewe, kabla mtu hajauliza.

Naogopa sana. Lakini daftari la kazi nimeshalijaza: Jumamosi, umeme umekatika, si chuma.