Mke wa Radi Aliyefutwa

Mke mwenzangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Mabwerebwere tu wazima. Babu yako anakohoa kidogo, ila ubishi haujapungua hata chembe.

Unalalamika kwamba shujaa wa vitabu vyako vya katuni amebuniwa upya, amekuwa mkali na mchumba wake hayupo tena. Unauliza kama wachoraji wana haki hiyo. Hata mimi yalinikuta.

Enzi za Ujamaa nilifundisha kisomo cha watu wazima kule Lumuma. Kila alasiri, wakitoka shamba, niliwasomea akina mama hadithi ya picha ya shujaa aitwaye Radi, kwenye gazeti lililofika Kilosa kwa treni. Siku moja gazeti likapata mchoraji mpya. Radi akawa na majivuno, na mkewe Tatu akafutwa kabisa. Niliogopa wanafunzi wangu watasusa, basi nikadanganya: "Tatu yuko shambani, anapalilia."

Mama Yohana, aliyekuwa amegombana na herufi mwaka mzima, akasogea na kuweka kidole chini ya picha.

"Mwalimu, Tatu hayupo hapa. Pameandikwa: Radi hajaoa."

Alikuwa amesoma! Darasa zima likapiga vigelegele, na mimi niliyeumbuliwa nikapiga kuliko wote.

Kisha akachukua chaki, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa zilizopinda: TATU YUPO.

Tangu siku hiyo, Radi wa Lumuma alikuwa na mke. Na wewe kalamu unayo.

Bibi yako