Hapa Hakisimami Kitu

Shoga, leo nimeaibika sinema mpaka basi!

Nimekaa na mume wangu, filamu imenoga, mara simu yangu ikatetemeka: mama mkwe. Mdomo ukanitoka kwa sauti: "SIMAMISHENI KWANZA!"

Ukumbi mzima, shoga. Simamisheni! Kama niko sebuleni kwangu!

Watu wakaangua kicheko. Mume wangu akajifunika uso. Dada wa mlangoni akaja na tochi: "Mama, hapa hakisimami kitu."

Hakisimami kitu! Maneno matamu hivyo sijayasikia tangu niolewe. Si unajua kwangu? Nikikaa tu, naitwa: chai, soksi, chaja. Napiga kelele simamisheni, hawasimamishi ng'o, mwisho wa filamu nasimuliwa.

Mume akasoma ujumbe kwenye simu yake, akaninong'oneza, "Inuka twende, mama anaulizia rimoti."

Nikamwambia, "Hukusikia? Hapa hakisimami kitu. Na mimi sisimami."

Akatoka peke yake. Aibu zake hizo! Mimi nimebaki mpaka majina yote yakapita, taa zikawashwa.

Sasa niko nyumbani, mume na mama yake wamenizunguka: eti mwisho ilikuwaje?

Nimewaambia waende wakaone wenyewe. Na chai iko jikoni. Mimi nimekaa.