Salamu ya Watu Wawili

Kijijini, Kabanga,
Ngara.
16 Septemba 1979

Kwa dada yangu mpendwa Zita,

Shikamoo dada. Naamini barua hii inakukuta mzima huko Nyakahura, wewe na shemeji na watoto, na kwamba wale ng'ombe wenu waliokuwa wakikohoa wamepona. Sisi huku tupo. Magoti ya mama yanamsumbua asubuhi, lakini shambani anakwenda. Mahindi yalikauka mapema, migomba ndiyo inatulisha.

Umeshasikia kwamba vijana wetu wanarudi kutoka vitani Uganda. Wilaya ilitaka wapokelewe kwa nyimbo za asili, basi mwezi wa saba akaja Bwana Utamaduni na tepu yake begani, anatafuta za kunasa. Alitangaza mkutanoni kwamba anataka asili tupu, isiyochanganywa na kitu. Nikafurahi, maana kwaya ya kijiji unaijua, na mimi ndiye ninayeiongoza. Tuliimba nyimbo tatu. Alisikiliza mikono mfukoni, akasema tunaimba vizuri, ila hizo ni za shuleni na za mikutano ya chama, hata Dodoma zinaimbwa.

Halafu akasimama mama na Nimpaye.

Sijui kama nilishakuandikia habari za huyu Nimpaye. Ni mkimbizi kutoka Burundi, alikuja na watoto wake mwaka wa sabini na mbili. Tulipohamishiwa kijijini na nyumba zikapangwa mstari, ya kwake iliangukia jirani na yetu, na tangu hapo sina mama wa peke yangu. Kila asubuhi wanasalimiana ile salamu ya kuimba ya wanawake, ambayo zamani mlikuwa mkiimba wewe na mama. Mmoja anashusha maneno mbiombio, anauliza habari za watoto, za mbuzi, za maharage, na mwingine anaingia katikati ya pumzi yake, mpaka hujui sauti ipi ni ya nani. Mimi nikitoka mlangoni naulizwa nimeamkaje. Basi.

Waliimba, na Bwana Utamaduni akachuchumaa kabisa. Walipomaliza alisema hiyo ndiyo asili aliyoihangaikia wilaya nzima. Watu wakapiga makofi. Dada, roho iliniuma, siwezi kukuficha. Yule mwanamke ana sauti nyembamba kama ya kifaranga, na mama humtazama akiimba kwa namna ambayo hajawahi kunitazama mimi.

Nikamfuata Bwana Utamaduni kando, nikamuuliza kama anajua kwamba Nimpaye si wa hapa. Nilisema kwa adabu zote, kama mtu anayesaidia kazi ya serikali. Akarudi kwa mama, akamweleza kwamba kanda yake ni ya asili ya Ngara, ya Burundi hawezi kuipeleka. Mama alimjibu kwamba yeye mwenyewe alifundishwa na bibi, na bibi aliolewa kutoka ng'ambo ya mto Ruvubu, kwa hiyo kama Nimpaye si asili, naye si asili. Bwana Utamaduni alikuna kichwa, akasema bibi alikuja zamani na Nimpaye amekuja juzi. Alisema atarudi baada ya wiki nne, mama atafute mwenzake mzaliwa wa hapa.

Mama hakufikiri hata kidogo. Jioni ileile aliniambia nichukue kalamu nikuandikie wewe, uje. Nilikuwa nimekaa mbele yake, dada, mzaliwa wa hapa, mwanawe wa kumzaa, na hakuniona. Niliandika kila alichosema.

Hapa ndipo panaponiwia vigumu. Barua ile sikuituma. Nilimwambia mama nimempa dereva wa lori la mahindi, kumbe niliificha chini ya godoro. Nilidhani akikukosa wewe atanigeukia mimi. Najua utasema kwamba alinifundisha zamani nikakataa, nikaita mambo ya kishamba. Yalikuwa maneno tu. Alianza kunifundisha wewe ulipoolewa, na kila nilipokosea alisema Zita haingii hapo. Wivu wangu ulianza kwako, dada, kabla hata sijamjua Nimpaye.

Siku ilipofika, mama alijifunga khanga mpya akakaa kando ya barabara tangu asubuhi, akitazama kila gari. Bwana Utamaduni alikuja saa nane. Nikasimama karibu na mama, nikasema nitaimba naye mimi. Hakukasirika. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, salamu hii haiimbwi na mtu anayesubiri mwenzake amalize."

Bwana Utamaduni hakutaka kurudi mikono mitupu. Aliiomba kwaya iimbe zilezile za mwanzo, ila tuvue viatu, tufunge majani ya migomba kiunoni na tutangulize ngoma. Tukafanya hivyo. Juu ya kanda akaandika kwamba ni asili ya Ngara. Siku ya kupokea wapiganaji kanda hiyo ilipigwa kwenye vipaza sauti, na sauti iliyosikika uwanja mzima ilikuwa yangu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema tumeimba vizuri. Njiani akaongeza kwamba Zita siku hizi ana mambo yake, tusimlaumu. Tangu siku hiyo yeye na Nimpaye hawaimbi, wanapeana mikono tu.

Ndani ya bahasha hii utaikuta ile barua. Mwandiko ni wangu, maneno yote ni yake. Anaamini uliipata ukaipuuza. Njoo, dada, hata kwa siku mbili. Nimejaribu mara tatu kumweleza, kila mara nikaishia kuzungumza habari za kuni. Ukifika mwambie wewe, na uniite nikae hapo hapo unapomwambia, nisije nikakana.

Nisalimie shemeji, na watoto mmoja mmoja kwa jina lake. Salamu za mama sikuletei, kwa sababu hajui kwamba naandika.

Ni mimi mdogo wako,
Deodata