Amplifaya Imepanda Paani

Karakana ya Redio,
Chumba cha nyuma, hospitalini.
Jumapili, 15 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeketi kibarazani, miwani ikiwa puani na si mfukoni. Mgongo unaendeleaje? Na sikio la kulia, bado linasikia linachotaka tu? Mkazamjomba hajambo? Mimi ni mzima, ila kucha zimeisha kwa kuzitafuna wiki hii.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu imetushinda mimi na wewe. Mara ya mwisho nilipayuka mpaka jirani akagonga ukuta, nawe ukanijibu "sawa mwanangu" kwa kila kitu.

Kama ulivyosikia, nilichukuliwa hapa kwa majaribio ya miezi mitatu, nijifunze kupanga mitambo ya redio za hospitali: nguvu kiasi gani itoke, antena ipi, kebo ipi, sauti ifike vipi. Mwalimu wangu ni mhandisi, mama mmoja tunayemwita Mama Vipimo. Huyo hata ukimwambia leo kuna joto, anaangalia kipimajoto kwanza.

Wiki ya kwanza niliumbuka. Niliwasha mtambo wa kurushia, nikabonyeza kitufe cha kuongea kabla sijaufungia antena. Nguvu ikakosa pa kwenda, ikarudi ilikotoka na kuuunguza mtambo. Wewe ulinikataza jambo hilohilo nikiwa na miaka tisa, nami nikaitikia tu ili uninyamazie. Mama Vipimo hakunifukuza, lakini nilijua nimebakiwa na nafasi moja.

Nafasi hiyo ilikuja na zahanati iliyo nyuma ya mlima. Muuguzi wa pale yuko peke yake na wajawazito. Akiita gari la wagonjwa kwa redio, huku kwetu tulikuwa tunasikia mvumo mtupu, kwa hiyo ilimbidi amwache mgonjwa kitandani, akapande mlima na redio mkononi ndipo asikike. Nikaambiwa nimfanye asikike akiwa ndani ya zahanati yake, mwisho Ijumaa. Nikishindwa, majaribio yangu yanaishia hapo.

Mimi na ujuaji wangu nikachukua amplifaya, kile kifaa cha kukuza sauti, nikaifunga humu chumbani, pembeni ya redio, karibu na soketi. Kazi ya dakika kumi. Muuguzi akaita. Sauti yake ikakua, na mvumo ukakua nayo bega kwa bega. Nikaongeza, vyote viwili vikaongezeka. Jumatano nilikaa sakafuni nikalia, sikufichi.

Mama Vipimo akanipa karatasi. Akaniambia nichore njia yote kutoka mdomo wa muuguzi mpaka sikio letu, na kwenye kila hatua niandike kilichoongezeka na kilichopotea. Nilipofika kwenye kebo, ile inayoshuka ghorofa tano kutoka kwenye antena, kalamu ikasimama. Zaidi ya nusu ya kile kidogo kilichofika juu kilikuwa kinapotelea humo, kabla hakijaifikia amplifaya yangu.

Hapo ndipo nilipokukumbuka, Mjomba. Nyumba nzima tulikuwa tunakuita kwa kupayuka kutoka jikoni, nawe ukitukemea: "Msiniletee na kelele za masufuria. Njooni karibu kwanza, ndipo mseme." Tulidhani ni ukali tu. Kumbe sauti inatakiwa ikuzwe ingali safi, kabla haijapungua na kuchanganyika na masufuria. Ulishanifundisha, mimi ndiye niliyechelewa kuelewa.

Alhamisi nikapanda paani na fundi umeme, mkanda kiunoni. Amplifaya nikaifunga ndani ya kisanduku kisichoingia mvua, chini tu ya antena ya kupokea. Umeme wake unapanda kwa kebo hiyohiyo.

Ijumaa saa nne asubuhi muuguzi aliita. Tulimsikia mpaka anavyohema, na nyuma yake mama mmoja akiugulia uchungu. Hakuwa anajaribu redio, alikuwa anaomba gari kweli. Likatoka. Jana nimeambiwa mama na mtoto wote wazima. Mama Vipimo aliangalia mita yake mara mbili, halafu akaniandikia barua ya ajira.

Asante, Mjomba. Asante kwa redio mbovu ulizoniachia nizifungue, na kwa kutonificha bisibisi hata nilipokuharibia ile redio uliyoipenda. Na unisamehe miaka yote niliyokupigia kelele kutoka jikoni.

Nasikia kile kifaa cha sikio umekitupa kabatini kwa kuwa kinakuza hata masufuria. Nakuelewa sana sasa. Mwezi ujao nina likizo ya siku nne, na nina mengi ya kukuambia. Nitaketi upande wako wa kulia, karibu kabisa, ndipo nianze.

Msalimie Mkazamjomba, na kaka mshona viatu na wanawe wote. Waambie nimesema mimi, fundi mwenye ajira: anayetaka kuongea na wewe atoke jikoni kwanza.

Mungu akutunze, na hilo sikio moja akulindie mpaka nifike.

Mpwa wako akupendaye sana,
Bisibisi