Jinsi Joka Lako Lilivyopokelewa Nyakunguru

Nyakunguru, Tarime
Jumapili

Dada yangu Mariamu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama naye mgongo umempa nafasi ya kupumua. Mimi sijambo. Kifua kilinibana kwa vumbi la huku lakini sasa kimeachia, nalala vizuri na nakula vizuri.

Unajiuliza kwa nini nimeandika kwenye karatasi kama watu wa zamani wakati simu ninayo. Ni kwa sababu simu yako shemeji anaishika kuliko wewe. Kila nikipiga anapokea yeye, ananisalimia kwa adabu, anakupa, halafu nasikia anakohoa pembeni mpaka tumalize. Barua hii nimempa Mwalimu Hadija, tunayepanga naye nyumba moja, anayekuja likizo Korogwe. Nimemwambia akupe mkononi, kwenye duka lako la kuchapa, si nyumbani. Isomee hukohuko. Na nisikuzungushe: nataka kujua kama uko salama kwa shemeji. Nimefikaje kwenye swali hilo ni habari ndefu kidogo, na imeanzia kwenye hadithi yako mwenyewe, kwa hiyo vumilia.

Kazi ni ileile. Asubuhi zahanati inajaa watoto wa kliniki, mchana wanaletwa vijana wa mashimoni waliojikata au kuangukiwa na jiwe. Mgodi mkubwa ukilipua, vikombe vinagongana kabatini, na mimi bado nashtuka ingawa wenyeji hawageuzi hata kichwa. Ugali wao wa mtama na muhogo nimeuzoea. Kichuri, mchuzi wao wa nyongo na utumbo, kimenishinda, na wananicheka mpaka leo.

Jirani na tulipopanga kuna uwanja wa Mama Wankuru. Ni mjane, mtu mzima, mabinti zake wote wameolewa na mtoto wa kiume hakujaliwa. Ng'ombe wa mahari za mabinti wamejaa zizini kwake. Juu ya hao ananunua mawe kwa wachimbaji wadogo, anawapa wanawake wayaponde kwa nyundo kabla hayajapelekwa kusagwa na kutafutwa dhahabu. Wanakaa chini kuzunguka rundo na kuponda toka asubuhi. Siku moja nikitoka kazini waliniona nacheka peke yangu na simu, wakauliza nacheka nini, nikakaa nikawasomea hadithi yako unayoituma kwenye kundi kila Ijumaa. Ndivyo Jabali wako alivyofika Nyakunguru, yeye na mabawa yake na hasira zake zinazomgeuza joka, pamoja na Tunu aliyemfuata pangoni kwa mapenzi.

Wasomaji wako wa kwenye kundi nawajua. Kila ukituma sehemu ni makopa mekundu na "tunaomba nyingine" na "mimi Jabali wangu yuko wapi". Huku hakuna makopa, kuna nyundo. Sehemu ikiwachosha wanaponda tu. Ikiwagusa nyundo zinapungua, na Mama Wankuru anakunja uso kwa sababu mawe ni yake. Wengi wao Kiswahili changu cha Tanga kinawapita, basi akaamua kuwatafsiria yeye mwenyewe kwa Kikurya ili wasikie upesi warudi kazini.

Mtu kuwa joka hakukuwashangaza hata kidogo. Koo za huku zina wanyama wao wa kuheshimiwa, kuna wa chui, kuna wa fisi, kuna wa tembo, wakaona huyu ni wa ukoo wa joka, basi yakaisha. Walitaka kujua tu akishageuka anakula ng'ombe wa nani. Aliyewakwaza ni Tunu.

"Nesi," Mama Wankuru aliniambia, "huyu binti anakaa kwa huyo mwanaume kama nani? Ng'ombe zimeenda kwao?"

Nikamwambia hakuna ng'ombe, wamependana tu.

"Sasa mimi siwezi kuwaambia hawa wasichana hivyo. Nimeshampelekea baba yake ng'ombe."

Na kweli. Katika hadithi yake Jabali alishuka mlimani na wazee na kundi la ng'ombe, baba wa Tunu akapokea, na kaka wa Tunu akaoa kwa ng'ombe haohao. Nilicheka sana siku ile. Nikasema nitakuandikia kwamba umepata mtunzi mwenzako, tena mkali.

Halafu ukatuma ile sehemu ya mkono. Jabali anamkuta Tunu anaongea na muuza maziwa, wivu unampanda, anageuka palepale mlangoni, na pumzi yake inamuunguza Tunu kutoka kiwiko mpaka kifundo cha mkono. Kisha anarudi kuwa mtu. Analia, anampaka asali, na siku zinazofuata anakwenda kuteka maji yeye mwenyewe ili Tunu asionekane kisimani, na majirani wanamsifu. Sijawahi kuona makopa mengi vile kwenye kundi lako. Kuna mmoja aliandika kwamba mwanaume anayekutekea maji, hata akikuunguza, ni wa kusamehewa.

Huku nyundo zilinyamaza zote. Nikainua uso nikidhani wananisubiri niendelee, kumbe hawanitazami mimi. Walikuwa wanamtazama Ghati. Ghati ni mdogo kuliko wote pale, ameolewa mwaka jana na kijana anayechimba. Alikuwa amejifunika kanga begani mpaka kiganjani, na jua kali vile. Akaifungua. Siri ya mgonjwa mimi siitoi, unanijua, lakini hii aliitoa yeye mwenyewe mbele ya watu.

"Ilikuwa uji," alisema kwa Kiswahili, ananitazama mimi. "Alilia. Halafu akabeba ndoo ya maji yeye, wiki nzima. Wanaume wakamcheka njiani. Wanawake wakaniambia nimepata mume."

Hapo ndipo ng'ombe wa Mama Wankuru walipotutia matatani. Katika hadithi yako Tunu angeweza kuondoka asubuhi na kanga zake mbili. Katika ya kwao hakuweza, kwa sababu akiondoka ng'ombe wanatakiwa warudi kwa Jabali, na kaka yake ameshaoa kwa hao, na mke wa kaka ana mimba. Wakiwadai ng'ombe, nyumba ya kaka inavunjika. Wakabishana kwa lugha mbili mpaka jua likashuka, hakuna jiwe lililopondwa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kaka wanayemsema ni wa Ghati. Mama Wankuru hakubishana na mtu. Alikaa na jiwe mkononi, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Nesi, mimi ndiyo nimemfunga huyu binti wa dada yako."

Ijumaa iliyofuata hukutuma kitu. Nikawaambia leo hakuna mpya. Mama Wankuru akasema haidhuru, ataendelea yeye. Akasimulia kwa Kikurya bila kunitazama, nami sikuambulia ila jina la Tunu. Nyundo zikakatika moja baada ya nyingine. Ghati akauliza jambo, Mama Wankuru akamjibu, wanawake wakacheka kidogo.

Ghati alinieleza tukirudi. Katika hadithi kuna jirani wa Tunu, mjane asiye na mtoto wa kiume. Amekwenda kwa baba wa Tunu na kumwambia, ng'ombe wa joka nitawarudisha mimi, kutoka zizini kwangu, na Tunu aje kwangu. Jambo hilo huku lipo, wanaliita nyumba ntobhu. Mwanamke anamwoa mwanamke mwenzake, analipa mahari, na watoto ambao mke huyo atazaa na mwanaume wanahesabiwa wa nyumba yake. Ghati alikuwa ameuliza, "Na huyo mjane akikasirika anageuka nini?" Na Mama Wankuru alijibu, "Anageuka mama mkwe. Mdomo anao, mkono hana."

Ghati alijua, na kila aliyekuwa pale alijua, kwamba ameposwa.

Sikudanganyi kwamba nilifurahi moja kwa moja. Niliona ni kumtoa kwa mmoja na kumpeleka kwa mwingine, ng'ombe wakiwa katikati. Huko atatakiwa azae, tena kwa ajili ya nyumba ya mtu. Nikamwambia kuna polisi, kuna dawati la jinsia, kuna ustawi wa jamii, mimi mwenyewe nitamsindikiza. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Nesi, wewe utahamishwa," akasema. "Huyu mama atakuwepo."

Baba yake amekubali, na ng'ombe walirudishwa kwa mume wake wiki iliyopita. Mume alikuja uwanjani amelewa, akafoka, akamtaja Ghati kwa majina ambayo siyaandiki. Wanawake wakasimama, nyundo mkononi, na baada ya muda akaondoka. Sasa Ghati anaishi kwa Mama Wankuru. Mdomo kweli mama anao, nausikia kila asubuhi nikipiga mswaki. Mkono wa Ghati unapona, namsafisha mimi.

Nilikuwa namsafisha ndipo aliponiuliza, "Nesi, dada yako alimjuaje mume wangu?"

Nikamwambia humjui, wewe unatunga tu, majoka yenyewe hayapo.

"Joka sawa, linatungwa," akasema. "Hayo ya maji hayatungwi."

Dada, nilirudi nyumbani nikazisoma sehemu zako zote upya. Tunu anayejua kwa kusikia hatua tu kama anayerudi ni mtu au ni joka. Tunu anayeacha wimbo katikati. Tunu anayewaambia watu kwamba ni mafuta ya maandazi. Nikakumbuka Idd tulipokuwa jikoni, umevaa mikono mirefu na joto lile la Korogwe, ukainama kuchochea moto nikaona mkono, ukaniambia mafuta ya maandazi yameruka. Mama alikuwepo, tukazungumza mengine. Mafuta yakiruka huacha madoa madoa. Wako ulikuwa mstari mmoja umenyooka, kama ukingo wa pasi. Na siku hiyohiyo mama alikuwa anamsifu shemeji, kwamba tangu uungue anakwenda sokoni mwenyewe na kikapu.

Nina hasira, na naogopa kwa ajili yako, na nakupenda. Kama nimekosea, nitukane utakavyo, nitashukuru. Kama sijakosea, usinifiche mimi. Wasomaji wako wanakupa makopa kwa maumivu yako bila kujua, na wewe unawashukuru kila Ijumaa.

Nimeona umetangaza kwamba sehemu ya mwisho iko tayari na Tunu aliyeondoka anarudi pangoni kwa Jabali. Mwisho ni wako, siingilii kazi ya mtu. Ila uwanjani sitausoma, pale wana mwisho wao. Na mimi simuulizii Tunu. Mwezi ujao nahamia nyumba ya zahanati, ina vyumba viwili na kimoja sina cha kuweka ndani yake. Nyamongo hapa jirani imejaa maduka ya kuchapa na kutoa kopi, na sijaona hata moja lenye mtu anayejua kuandika barua ya maombi ikasomeka. Hadija akimaliza likizo anarudi huku, mnaweza kupanda basi moja. Ukija ukataka kurudi, utarudi, sitakushika. Lakini kaa kwanza mahali ambapo husikilizi hatua za mtu.

Mpe mama pole ya mgongo, umwambie ile dawa anywe akiwa ameshakula, asijifanye daktari. Nisalimie shangazi Mwanahamisi, na mjomba fundi baiskeli umwambie redio aliyonipa bado inakoroma lakini taarifa ya habari inasikika. Yule binti unayemfundisha kuchapa hapo dukani msalimie pia. Shemeji sijamsalimia.

Ghati anakusalimia. Mama Wankuru naye anakusalimia. Nilimweleza habari zako, si zote, kiasi tu, na usinikasirikie, nilihitaji kumwambia mtu. Akauliza shemeji alipeleka ng'ombe wangapi kwetu. Nikamwambia kwetu si ng'ombe, ilikuwa kitanda, msahafu na fedha kidogo, na kitanda chenyewe mnakilalia wenyewe. Akataka kujua kama kuna kaka yetu aliyeoa kwa mahari hiyo. Nikamwambia hatuna kaka. Akauliza watoto, nikasema bado. Akafikiri kwa muda mrefu, akasahau hata kuwaangalia waponda mawe wake. Kisha akaniuliza kwa upole, maana kweli alitaka kujua:

"Sasa huyo dada yako amefungwa na nini?"

Nimemwambia nitakuuliza.

Mimi mdogo wako,
Zaituni