Sikufichi, Sikupambi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti lako halikusumbui tena kwenye ngazi za stoo. Huku hatujambo, ukiacha kikohozi changu, ambacho wifi yako anasema ni hasira iliyokosa gazeti la kutokea. Nimemtuma yeye mwenyewe akuletee kwa sababu simu yangu siiamini tena. Ukimaliza kusoma, mrudishie aichome.

Bila shaka umesikia kwamba safu yangu gazetini imefutwa. Mhariri aliniita ofisini akanipa kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya, nikajua nimekwisha. Akasema wasomaji wamechoka na habari za mishahara na mabwanyenye. Nikamuuliza ni wasomaji gani, wanaolipwa au wanaolipa? Hakucheka. Kijitabu changu cha kodi za nyumba kiliuzwa mpaka kikaisha, lakini mchapishaji aliyekitoa sasa akiniona barabarani anavuka upande wa pili. Basi kitabu kipya tunakichapa wenyewe, kwenye chumba chetu nyuma ya duka la matairi: mimi, Wakili, mpiga chapa, na yule mwalimu mstaafu anayesahihisha kila kitu, hata matusi yangu.

Kitabu ni cha moto wa hapo kiwandani kwenu. Kampuni inashikilia kwamba mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kwamba wasichana wa ushonaji walikufa kwa kuchanganyikiwa wenyewe. Wiki ijayo tume inayochunguza moto inakaa kwa mara ya mwisho. Kitabu kisipofika mikononi mwa watu kabla ya hapo, uongo huo utapigwa muhuri, na wazazi wa wale wasichana watarudi nyumbani na pole.

Wapo wanaojua tunachokifanya. Wanaume wawili wamekuwa wakija dukani kuuliza bei ya tairi na hawanunui. Mwenye duka anasema hata gari hawana. Juzi mmoja alisogea hadi mlangoni kwetu akauliza kama tunachapa kadi za harusi. Mpiga chapa akamjibu kwamba tunachapa, ila aje na bibi harusi tumwone. Tulicheka alipoondoka, lakini tangu siku hiyo tunafanya kazi madirisha yamefungwa, na harufu ya wino inatuumiza vichwa.

Pale kwetu hakuna kinachochapwa bila kupigiwa kura ya mikono. Sheria hiyo niliitunga mimi. Kitabu kilipita, karatasi zikachapwa, zikabaki kukunjwa na kushonwa. Ndipo Wakili, ambaye amekuwa akiingia na kutoka hapo kiwandani kwa kesi za waliofukuzwa, akasoma sura ya tano, ile ya shahidi nisiyemtaja jina. Akavua miwani.

“Ndugu,” akaniambia, “shahidi wako mbona ni Mama Sikupambi?”

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba hapo kiwandani, tangu getini hadi kwa meneja, wanamjua mama mmoja wa stoo ambaye kila neno zito analianza kwa kusema sikufichi, sikupambi, na wasichana wakayafanya jina lake. Dada, maneno hayo nayasikia tangu ulipokuwa ukininawisha uso niende shule. Kwangu mimi yalikuwa sauti ya nyumbani tu. Nilifuta jina lako, umri wako, kazi yako. Mdomo wako nikauacha kama ulivyo, kwa sababu ulipendeza kwenye karatasi.

Sasa umeelewa. Umo ndani ya kitabu, na mimi sikukuambia.

Ile Jumapili ulikuwa jikoni kwetu ukimenya viazi. Ukanieleza jinsi ulivyoagizwa utoe kufuli stoo, na jinsi ulivyoliona kwa macho yako likining'inia kwenye mlango wa nyuma asubuhi ya moto. Ulilia. Ulikuwa unamwambia mdogo wako. Mimi nikaenda chumbani nikaandika neno kwa neno kabla halijapoa. Wenzangu waliponiuliza kama shahidi ameridhia, nikasema ameridhia, na nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Walipiga kura kwa kuniamini.

Jana niliwaambia ukweli. Mwalimu akasema miaka yote hii naandika kwamba matajiri wanachukua cha mfanyakazi bila kumuuliza. Akauliza, hiki changu nakiitaje? Nikapendekeza tufute lile neno lako tu, tuchape upya. Wakili akakataa: habari ya kufuli anaweza kuijua tu aliyelitoa, hata ukimpa sauti ya kasuku.

Tukapiga kura tena. Sura ya tano haishonwi mpaka useme wewe. Ukikataa, tutaikatakata kwa mikono yetu, na kitabu kitatoka bila wewe, yaani kelele zangu tu, na kampuni imezizoea. Ukikubali, kazi utaipoteza, na wale waulizaji wa tairi watahamia mlangoni kwako.

Nilikuwa nimekuandikia kurasa kadhaa za kukushawishi. Unanijua, si bure mliniita Mdomo: zilikuwa nzuri. Nimezichana. Mwambie wifi yako ndiyo au hapana. Nimemkataza kukubembeleza wala kukutisha, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane amekubaliana nami bila mjadala.

Msalimie sana shemeji, na wanao wote. Waambie mjomba wao atakuja hali ikitulia, kama bado mtanifungulia. Usiache kulikanda goti kwa maji ya moto.

Karatasi zako ziko mezani kwa mpiga chapa, zimetengwa na nyingine, chini ya kipande cha mbao zisipeperuke. Sindano iko juu yake. Haijatungwa uzi.

Mdogo wako uliyemlea,
Mdomo